Rozari ya Mbegu za Ndizi-mwitu

Mama mpendwa,

Hujambo? Lile goti limepoa? Na baba mdogo, bado anagombana na nyani shambani? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Shemeji anayekusomea asome polepole, asiruke mistari kama kawaida yake, maana leo nina jambo: ile rozari uliyonitungia imeniokoa, na sinayo tena.

Nairobi hakukaliki siku hizi. Tangu Hali ya Hatari ianze, sisi Wameru, Waembu na Wakikuyu hatuvuki barabara bila pasi. Nafua mashuka hotelini, narudi chumbani, nalala. Nakaa na Nyaga, kijana wa Manyatta kule Embu, mcheshi kweli, na akipika githeri, mahindi yake na maharagwe yanaishinda yangu. Rozari ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya koti. Wenzangu kanisani wana za dukani zinazong'aa, yangu nikaiona ya kishamba.

Jumamosi asubuhi askari walizunguka mtaa wetu. Mmoja akamwaga sanduku langu sakafuni, akaokota ule uzi wa mbegu nyeusi.

"Hii kitu ya kiapo nani alikupa?"

Kwa neno hilo, kiapo cha wapiganaji wa msituni, mtu hupelekwa kizuizini bila kuulizwa la pili.

"Si ya kiapo, afande. Ni rozari. Mama yangu alitengeneza na mbegu ya ndizi ya msitu."

"Rozari ni ya shanga. Haya, omba tusikie." Akanitupia.

Nikapiga magoti. Mama, hofu ilinifutia kila kitu kichwani, lakini vidole vilijua njia. Kila fungu lilipoisha, mbegu kubwa ilikuwa pale pale inapotakiwa, nikajua sasa ni Baba Yetu. Ulizichagua moja moja, ukazisugua mpaka hakuna hata moja inayokwaruza. Wewe ni fundi, mama! Na mimi nimekaa na kazi nzuri namna hiyo bila kuitazama. Askari alisikiliza, kisha akasema, "Mama yako anajua kazi." Akaniacha.

Nyaga hakuwa na bahati. Pasi yake haikuwa na muhuri, akaambiwa apande lori. Akanigeukia.

"Kirimi, mimi si wa kanisa yenu, hata sijui kuomba na hiyo. Lakini mkono yangu imekataa kutulia. Nipe nishike."

Nikampa. Lori liliondoka akiwa ameikumbatia kwa mikono miwili. Nimeuliza kila mahali, hakuna anayejua walikopelekwa. Nalia nikipika peke yangu.

Nisalimie dada na mtoto wake mchanga, baba mdogo, na yule mama jirani anayekuchotea maji. Najua ukisikia haya utataka kuingia msituni kutafuta mbegu nyingine, na huko siku hizi hakuendeki. Usinitungie, mama. Nataka ile ile, nikabidhiwe na Nyaga mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Kirimi