Jina la Mwanahawa

Jumamosi, 6 Mfungo Sita

Nimetwanga mpunga. Nimefua. Nimemwogesha Tatu, mtoto wa marehemu dada, akapiga kelele kama anachinjwa. Mvua tu. Kutoka hapa Mwembesongo mlima hauonekani, ukungu mtupu.

Arobaini ya dada imekwisha. Kesho mjomba anakuja kunipa jina la marehemu. Ndiyo desturi yetu Waluguru: mtu akifa jina lake halizikwi, anapewa ndugu wa tumbo moja, na pamoja na jina, nyumba, mume na mtoto. Ndugu ni mimi tu. Basi mimi Zena nitaitwa Mwanahawa. Dada alikuwa mpole, mzuri, kipenzi cha mama. Mimi nilikuwa wa kuchota maji. Haya, nimepanda cheo.

Jumapili, 7

Nimepakwa unga kwenye paji la uso. Nimevikwa kanga zake na ushanga wake. Mjomba akatangaza, "Mwanahawa amerudi." Vigelegele. Watani wakanizonga, eti nimenenepa huko kuzimu, nirudishwe nikapungue. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Shemeji Salumu hakucheka. Alinitazama tu, machozi yanamtoka. Sasa si shemeji tena.

Mama hakuja. Mguu umevimba, hawezi kushuka mlima.

Jumatano, 10

Tatu kaacha kuniita mama mdogo. Ananiita mama. Nimeuliza nani kamfundisha. Hakuna.

Nimekwenda dukani kwa Mhindi kununua chumvi. Yule hakuwapo Jumapili, wala mambo yetu hayajui. Akaniambia, "Mwanahawa, siku nyingi! Ulikuwa unaumwa?" Dada alikuwa mrefu, maji ya kunde. Mimi mfupi, mweusi tii. Nikasimama pale na chumvi yangu kama zuzu. Nikaondoka.

Ijumaa, 12

Maulidi kwa jirani. Udi umejaa nyumba nzima, sura za watu zinaonekana nusu nusu. Wanawake wakanipisha mahali pa dada, karibu na dirisha. Kaswida ilipoanza nikaiimba yote mpaka mwisho. Mimi siijui kaswida ile. Labda niliisikia utotoni nikasahau. Labda.

Jumatatu, 15

Siku nzima kama nimo ndani ya maji. Garimoshi lililia mbali, sauti ikafika imelowa. Nilikuwa nasonga ugali. Tatu akasema, "Mama, mkono wako umepona."

Nikatazama. Mwiko uko mkono wa kushoto.

Mwenye kutumia kushoto alikuwa dada. Baba, Mungu amrehemu, alimchapa kwa ajili ya mkono ule, hakuacha. Nimeuhamisha mwiko kulia, ugali ukatoka madonge madonge. Nikaurudisha kushoto. Ukalainika.

Naogopa.

Ijumaa, 19

Nimemwomba Salumu aniite Zena. Mara moja tu, tukiwa wawili, mlango umefungwa. Alikuwa anashona suruali za askari wa boma. Cherehani ikasimama.

"Usimtaje marehemu hivyo," akasema. "Mtoto atasikia."

Nikamuuliza, marehemu nani?

"Marehemu Zena, mdogo wako." Alisema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Pole, mke wangu." Akaendelea kushona.

Si mtu mbaya, Salumu. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Nimekaa uani mpaka jua limenichoma. Nimejisemea jina langu. Zena, Zena, Zena. Kadiri nilivyolisema likazidi kuwa la mtu mwingine, mtu niliyewahi kusikia habari zake.

Jumapili, 21

Nimeamua. Nakwenda kwa mama. Hawa wengine wote wanaweza kupotea, mama hawezi. Aliyenizaa ananijua. Akiniita Zena hata mara moja tu, nimepona. Nitalivaa jina la dada mbele za watu na langu litabaki kwa mama, salama. Asiponiita, sina kwingine. Hapo sipaandiki.

Salumu ameruhusu. Nakwenda na Tatu.

Alhamisi, 25

Tumefika. Njia yote ukungu. Unasikia mtu anakohoa, unasikia mbuzi, humwoni yeyote. Tulipishana na wachimbaji wa ulanga wanashuka na mizigo, ngozi zao zinametameta kwa vumbi la yale mawe. Tatu alinishika kanga akauliza kama wale ni watu. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na hakika.

Kwenye migomba ya kwetu wanawake wakaniita kutoka shambani, "Mwanahawa, umekuja kumwona mama?" Wale tumekua pamoja. Mmoja tulinyonya ziwa moja.

Mama alikuwa mlangoni anapukuchua maharage. Nikapiga magoti. Shikamoo, mama.

"Marahaba, Mwanahawa."

Nikajiambia ni desturi tu. Majirani wapo. Ngoja waondoke.

Ijumaa, 26

Asubuhi nimemtuma Tatu kijitoni na wenzake. Nikamshika mama mikono. Nikamwambia, mama, tuko peke yetu. Ni mimi.

Akanitazama sana. Macho yake mazima, hayana ukungu wowote.

"Najua ni wewe," akasema. "Mimi si kipofu."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikaanza kucheka. Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akauweka shavuni pake, akafumba macho.

"Nilikuwa na watoto wawili, mwanangu. Mmoja kafa. Niachie nichague nani."

Sikulia. Nilitaka kumpiga. Nilitaka anipakate. Hakufanya lolote, alikaa tu na mkono ule shavuni, ametulia kama aliyelala, na mimi nikauacha pale. Ulikuwa umepata joto. Tangu utotoni mama hajawahi kunishika muda mrefu hivi. Naona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: sikutaka aniachie.

Jumatatu, 29

Mvua imekatika. Milima imetoka yote, mpaka kilele cha Lupanga.

Mama ametambika nyuma ya nyumba, unga na maji, akiwataja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Mimi nilishika bakuli. Wa mwisho alimtaja Zena. Akamwomba apumzike, asitusumbue. Nilikaribia kuitika. Kisha nikaona aibu, kama mtu anayegeuka sokoni kumbe anaitwa mwingine.

Tatu akaniuliza Zena ni nani. Nikamwambia, mama yako mdogo.

Akauliza alikuwaje.

Nikamwambia sikumbuki vizuri.

Mama anatuita tukale. Nimeitika.