Siku gitaa linapopumzika

Yaya Murielle, dada yangu,

Huku Johannesburg tuko wazima, ni baridi tu inatunyanyasa. Mimi bado nalinda geti la sinagogi. Jumamosi nilimuuliza mzee Rabinowitz, anayewatungia mashairi ya sala, mbona kwaya yao haina hata ngoma moja. Si unatujua, ibada bila gitaa kwetu si ibada. Akacheka: “Marcellin, siku ya Sabato hatugusi ala. Sauti ndiyo inafanya kazi.” Kisha akanighania shairi lake jipya, akinigeuzia kwa Kiingereza: kinubi changu kimelala, Bwana, leo koo langu ndilo likutumikie.

Yaya, nililia pale getini, mkono wa kushoto mfukoni.

Kila mara unaomba video nikipiga gitaa kanisani, nami nasema simu imeharibika. Simu ni nzima. Mwezi wa tatu, nilipokuwa mlinzi Midrand, geti la umeme lilinikata vidole viwili. Gitaa nimempa Glody wa kwaya yetu kanisani. Mama usimwambie kwanza.

Jana Jumapili nilisimama mbele ya kanisa mikono mitupu, nikaimba. Video nimekutumia. Usitazame mikono, sikiliza.

Mdogo wako anayekuwaza,
Marcellin