Kikaratasi cha Neema

Igowole, Jumamosi

Na kuku kapewa yeye! Yule wa madoadoa, ambaye mama alikataa kunichinjia Krismasi, leo kakabidhiwa Neema, mgeni niliyemleta mwenyewe kutoka Iringa.

Kisa kikaratasi. Kina mistari ya wino wa kaboni. Unadondoshea maji, unachomeka kwenye kifaa kidogo, na simu inakwambia kama yana sumu ya dawa za shambani. Hata mimi nilitengeneza changu, maabara ileile ya Iringa, meza ileile. Changu kililoa kikachanika. Mkuu wetu wa maabara akachagua cha Neema.

Majirani walijaa uani kumtazama. Mama akasema, "Mwenzio ana kichwa, mwanangu." Mbele ya watu! Nikatabasamu, huku moyoni naomba kikaratasi kidanganye, aumbuke.

Maji ya mvua yalikuwa salama. Ndipo mama akaleta ya chemchemi, tunayokunywa siku zote. Hapohapo ndipo kaka anasuuzia pampu akimaliza kupulizia viazi dawa. Wote huku wanafanya hivyo.

Neema akaangalia simu. Akarudia kwa kikaratasi kingine. Kisha akasema taratibu, "Mama, haya msiyanywe tena."

Mama akamshukuru, akaenda kumkamata kuku. Alipokuwa anamfunga miguu, mikono yake ilitetemeka mpaka kamba ikamponyoka. Mwaka mzima inatetemeka hivyo, na sisi tunasema ni baridi ya Mufindi.

Bado naomba kikaratasi cha Neema kiwe kimedanganya. Ila sasa si wivu.