Leseni Iliyobaki kwa Jina la Penseli

MAELEZO YA SHAHIDI WA PILI

Yametolewa kituo cha polisi, chumba cha upelelezi, leo Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi, ukiwa mwaka wa thelathini na nne tangu shahidi aondoke nchini kwao.

Afisa anayeandika ameniambia hayo ya miaka hayahitajiki. Nimemwomba ayaache, kwa kuwa yanahusika.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na tisa, mgane. Ni mtunza michoro katika ofisi inayochora mabomba ya maji ya mji, ghorofa ya tatu, jengo lililo nyuma ya posta. Naishi chumba na sebule mtaa wa pili kutoka ofisini. Kwetu nilikuwa mwalimu wa jiografia.

Natamka mapema kwamba mtuhumiwa ni mtoto wa dada yangu. Nilimpokea hapa akiwa na miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyemwombea kazi. Atakayesoma maelezo haya alipime hilo kama anavyoona inafaa. Sitasema nisichokiona kwa macho yangu au kukisikia kwa masikio yangu.

Ofisi yetu ina wachoraji arobaini. Programu ya kuchorea si mali yetu, tunaitumia kwa leseni. Mkataba unaruhusu watu ishirini na tano kuwa ndani kwa wakati mmoja, na kila anayeingia awe ameandikishwa kwa jina lake. Kwa hiyo kila siku kuna watu kumi na watano wanaosubiri. Ndiyo maana hapo ofisini mtu akimaliza mchoro hufunga programu na kusema kwa sauti, chumba kizima kisikie, "Naachia." Mwingine huitikia, "Nachukua." Mgeni akiingia hudhani tunacheza.

Kulikuwa na mchoraji mzee kuliko wote baada yangu. Tulimwita Penseli. Alikuwa akifika saa moja asubuhi kabla ya mtu yeyote, anafungua programu, anaishika leseni, halafu anageuza kiti na kuanza kuchora kwa mkono kwenye karatasi. Leseni ilikaa tu pale, haina kazi. Mtu akikwama, bomba limepasuka barabarani na mchoro unahitajika sasa hivi, Penseli alimwambia, "Chukua yangu. Mimi nina penseli." Alifanya hivyo miaka mingi. Hakuna aliyewahi kumwomba akakosa.

Mpwa wangu ndiye fundi wa kompyuta wa ofisi. Miaka mitatu iliyopita alitengeneza mfumo wa kusimamia leseni hizo, tukauita Ubao, kwa sababu ulionekana kwenye skrini kubwa ukutani karibu na mlango. Ubao ulionyesha majina ya walio ndani na wanaosubiri. Ulikuwa na vitufe viwili, cha Naachia na cha Nachukua. Mtu akiacha programu wazi bila kuigusa, Ubao haukumtoa. Ulimwandikia mpwa wangu, naye alisimama akaenda mezani kwa mtu huyo kumuuliza, "Bado unaitumia, ndugu?" Niliwahi kumwambia kwamba mashine ingeweza kuuliza yenyewe. Akasema, "Mjomba, mashine ikiuliza, mtu anaona anafukuzwa."

Penseli alifariki mwezi wa Agosti mwaka jana, kwa figo. Tulizika siku ya Jumamosi. Jumatatu yake, kabla ya saa tatu, bomba kuu lilipasuka karibu na soko, na nafasi zote zilikuwa zimejaa isipokuwa ya Penseli, ambayo hakuna aliyeigusa. Dada mmoja mchoraji, ambaye ndiye aliyekuwa na kazi hiyo, alisimama akasema kwa mazoea, "Naomba ya Penseli." Kisha akajisikia mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mikunjo ya ramani kwapani.

Mpwa wangu alikwenda kwenye kompyuta ya marehemu, akaingia kwa jina la marehemu, akamwambia yule dada, "Chukua. Yeye ana penseli."

Tangu siku hiyo jina la Penseli lilibaki juu kabisa kwenye Ubao. Mpwa wangu aliupanga Ubao umfungulie nafasi kila siku saa moja asubuhi, saa aliyokuwa akifika, na nafasi hiyo ilisubiri mwenye shida. Mtu akikwama aliambiwa, "Nenda kwa Penseli." Watu wote ofisini walijua, na mkurugenzi alijua. Nilimsikia mwenyewe mwezi wa Novemba akimwambia mchoraji aliyekuwa akihangaika, "Sasa unalia nini, Penseli yupo?"

Nimeulizwa kama kwa njia hiyo ofisi ilitumia leseni zaidi ya ilizolipia. Najibu hapana. Penseli alihesabiwa ndani ya wale ishirini na watano. Hatukuwahi kuzidi.

Nimeulizwa kama nilijua kwamba mkataba hauruhusu jina la marehemu. Najibu kwamba sikulifikiria, na naamini mpwa wangu pia hakulifikiria. Jina lilikuwa pale kwa sababu hakuna mtu aliyetaka kuwa wa kulifuta.

Mnamo tarehe 17 Februari mwaka huu, saa nane mchana, tulikaa kikao cha kuamua kama ofisi iendelee kuujenga Ubao au inunue mfumo uliokwisha kutengenezwa. Waliopiga kura tulikuwa watatu: mkurugenzi, mhasibu mkuu ambaye ni mama wa makamo, na mimi kwa ajili ya wachoraji. Mpwa wangu aliitwa kueleza.

Mkurugenzi alisema, "Sisi tunachora mabomba. Hatutengenezi programu. Kwa nini tukeshe na kitu ambacho si kazi yetu, na watu wanakiuza kikiwa tayari?"

Mhasibu alimgeukia mpwa wangu. "Mwanangu, chombo chako nakipenda. Lakini ukiugua wewe, nani ataujua huo Ubao una homa gani?"

"Nitamfundisha mtu, mama."

"Ulisema hivyo mwaka juzi. Huyo mtu bado hajazaliwa?"

Tulicheka, mpwa wangu pia alicheka. Kisha akasema kwamba chombo cha kununua kitafanya mengi ambayo Ubao hauwezi. Kitaandaa taarifa za ukaguzi, kitajua leseni zipi zimelala, na kikiharibika kuna wa kumpigia simu. Alisema yote hayo kwa haki, bila kuficha hata moja. Mwisho akaongeza, "Ila kitamtoa mtu kwa sababu hajagusa kompyuta kwa nusu saa. Hakitajua kwamba yuko kwenye korido anaongea na daktari wa mtoto wake."

Mkurugenzi alipiga kura ya kununua. Mhasibu, kinyume na nilivyotarajia, akapiga ya kuubakiza Ubao. "Mimi nimemtania tu," alisema. "Umenihudumia miaka mitatu, siwezi kuutukana."

Ikabaki kura yangu, nami nikapiga ya kununua.

Sababu zangu ni hizi. Mpwa wangu ana miaka thelathini na mmoja. Siku za mapumziko alikuwa akija kwangu na kompyuta kwapani, chai inapoa yeye anarekebisha Ubao. Hakuwa na mke, hakuwa na mchezo, hakuwa na safari. Nilimwona amefungwa na kile kitu, nikataka kimtoke mikononi. Nikipewa kura ile leo kwa sababu zilezile, sijui ningepiga nyingine. Alinitazama akasema, "Sawa, mjomba." Siku zilizofuata hakuligusia.

Mnamo tarehe 3 Machi wauzaji wawili walifika kuujaribu mfumo wao kwetu kwa wiki moja. Walikuwa vijana wenye adabu. Mpwa wangu aliwafungulia kila mlango, akawaonyesha na Ubao. Mmoja wao alimuuliza kwa nini kitufe kimeandikwa Naachia na si Toka. Akamjibu, "Toka ni neno la kumwambia mwizi."

Tarehe 10 Machi, saa tatu asubuhi, walituonyesha matokeo kwenye chumba cha mikutano. Waliwasha skrini. Mstari mwekundu ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa Penseli. Mfumo wao ulikuwa umelinganisha majina ya leseni na majina ya wafanyakazi wanaolipwa. Kijana akasoma, bila nia mbaya: mtumiaji huyu alifariki Agosti, lakini anaingia kila siku saa moja kamili, na ameonekana kwenye kompyuta kumi na nne.

Yule dada wa bomba la sokoni alitoka nje.

Mkurugenzi aliniita korido. Uso wake ulikuwa umemshuka. Nilimwambia, "Mzee, hili si ulikuwa unalijua?" Akasema, "Nilikuwa najua kwa mdomo. Sasa liko kwenye taarifa, na taarifa inakwenda kwa wenye programu. Nisiporipoti mimi, nitaripotiwa." Naamini aliogopa. Ana watu arobaini wanaomtegemea. Lakini hofu yake aliitua mgongoni kwa mtu mwingine.

Siku iliyofuata, Jumanne tarehe 11, saa nne na nusu asubuhi, askari wawili walifika kumchukua mpwa wangu, kwa tuhuma ya kutumia leseni kwa jina la marehemu. Hawakumfunga pingu, na nawashukuru kwa hilo. Mpwa wangu aliwaomba dakika moja. Alikwenda kwenye meza yake, akabonyeza kitufe, akasema kwa sauti ya kawaida, "Naachia."

Watu walikuwa wanasubiri nafasi, watatu nadhani. Hakuna aliyeitikia. Jina lake likatoka ukutani. La Penseli lilibaki.

Aliachiwa kwa dhamana Jumatano jioni. Hati yake ya kusafiria imebaki hapa kituoni.

Jana Alhamisi alikuja kwangu. Aliosha vikombe vyote, hata visivyokuwa vichafu, kisha akakaa. Aliniambia kwamba kesi iishe vizuri au vibaya, anarudi kwetu, kwa mama yake. Dada yangu haoni vizuri tena, na anaishi peke yake. Nilimwambia kwetu hakuna kazi ya aina yake. Akasema, "Huku, mjomba, hata marehemu anadaiwa leseni." Alitabasamu, lakini si kwa furaha. Akasema, "Twende wote. Mama anakuulizia kila nikimpigia simu." Nikamjibu kwamba nitafikiri. Alijua nilichomaanisha, akanyanyuka akaanza kuvipangusa vikombe.

Kwa hiyo naomba lieleweke ninalolitaka. Simwombei abaki. Naomba arudishiwe hati yake na jina lake, aondoke kama mtu anayekwenda kwa mama yake, asiondoke kama mwizi aliyefukuzwa. Hakuiba nafasi ya mtu. Aliitunza ya mtu aliyezoea kuigawa.

Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapo. Nimesomewa yote, nimesahihisha mahali pawili, nimeridhika kwamba ni maneno yangu.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya afisa: Nimeandika maelezo ya shahidi akiwa na akili timamu, bila kulazimishwa wala kuahidiwa chochote. Aliomba maji mara moja. Baada ya kutia sahihi nilimuuliza, kama utaratibu unavyotaka, kama anatarajia kusafiri nje ya nchi kabla ya shauri kusikilizwa, kwa kuwa mpwa wake anakusudia kuondoka. Alijibu kwamba atapatikana kwenye anwani hiyohiyo muda wowote atakaohitajika. Nikamuuliza, na baada ya shauri? Akasema niandike kwamba dada yake asimsubiri, hatarudi.