Seli za Yatosha

12 Agosti

Kwa shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako linaendeleaje, na wajukuu wanakuachia nafasi ya kupumzika? Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kila kochi nililowahi kubeba. Nyumba imekuwa kimya tangu dada yako atutoke, lakini juzi nimepata furaha isiyoenea kifuani mwa mtu mmoja, ndiyo maana nakuandikia.

Chafya wetu amefaulu. Binti yangu yule yule uliyembandika jina hilo alipopiga chafya kumi na saba mfululizo, nawe ukahesabu kwa vidole mpaka vikakuishia. Alisimama mbele ya walimu watano wa chuo kutetea utafiti wake juu ya pua zinazowasha na kuvimba kwa mzio. Nilikaa nyuma na suti yangu ya harusi, ile isiyofunga tena vifungo.

Mwanzoni sikuambulia kitu. Kisha mwalimu mmoja akamwomba aeleze kama anavyomweleza baba yake. Akasema mwilini mna askari, na vumbi likiingia puani mwa mtu kama yeye, wanapigana nalo kana kwamba ni adui. Lakini zipo seli nyingine ambazo kazi yake ni kuwatuliza hao askari. Kwa wagonjwa aliowapima, alizikuta chache na hazina nguvu. Akaulizwa anaziitaje kwa Kiswahili. Akasema anaziita seli za yatosha, kwa sababu nyumbani kwao palikuwa na mama ambaye watu wakigombana mezani hakupaza sauti, alisema tu yatosha, na kila mtu akarudi kwenye sahani yake. Ukumbi ukacheka, kisha ukapiga makofi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mwalimu mkubwa wao alinishika mkono akaniambia kweli nimelea. Nikamjibu kuwa mimi nimetengeneza makochi tu, mlezi alikuwa mwingine.

Sasa shemeji, lipo la kukiri. Kila mara binti yangu akija hapa hupiga chafya, macho mekundu, akiuliza vumbi liko wapi. Nilihamisha karakana, nikatupa mito yote ya zamani, nikamwapia kuwa nimemaliza. Niliongopa. Sweta ya kijani ya dada yako iko chini ya mto wangu, mwaka wa tatu haijafuliwa, kwa kuwa harufu yake bado imo kwenye kola. Asubuhi mtoto huja kukaa kitandani kwangu tuzungumze, chafya zikianza nasema labda ni hali ya hewa. Na mimi ndiye fundi ninayejua vumbi linakojificha.

Jumamosi anakuja kukaa mwezi mzima. Alipolitamka lile neno ukumbini, nilihisi naambiwa mimi. Kwa hiyo sweta imo ndani ya kifurushi hiki, nimeikunja kama dada yako alivyokuwa akiikunja mwenyewe, mikono ndani. Usiifue upesi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Nami unikumbuke.

Shemeji yako,
Fundi Makochi