Rangi Niliyoifuta Asubuhi

Kitindamimba wangu,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo, kipashe tu. Anua nguo kabla mvua haijanyesha. Nilikuwa nimeandika nitarudi jioni, nimefuta. Wakinilaza hospitalini, dada yako atakuja kulala nawe.

Sasa lile la asubuhi. Uliona pamba zenye rangi nyekundu ya kucha kwenye pipa la taka, ukaondoka bila hata kuniaga. Ulidhani nimeona aibu kwa sababu ni rangi za bei rahisi za pale duka la dawa. Sivyo, mwanangu. Muuguzi aliniambia niende na kucha tupu, maana kile kifaa wanachonibana nacho kidoleni hakisomi vizuri kukiwa na rangi. Ningekwambia jana, lakini ulikuwa umeinama ukinichorea vidoti vyeupe kwa kijiti cha meno, ulimi nje kama ulipokuwa mdogo. Nikashindwa.

Na ulipouliza mbona kucha zangu zimekuwa nyeusi, nikasema ni masizi ya jiko. Nilikudanganya. Ni dawa wanazonitundikia kwenye dripu. Ule ugonjwa umerudi. Dada yako anajua. Wewe nilikuficha, na sikufanya vizuri. Mkasirikie mama yako kwa hilo, siyo kwa pamba.

Ile uliyonipaka miguuni sijaigusa, wala hakuna atakayeigusa. Nimevaa ndala makusudi, na baridi yote hii, ili kila atakayepita kitandani kwangu aione aniulize nani kanipamba.

Mama