Kabla ya Nantwich

Jumamosi, 8 Juni

Market Drayton, kando ya mfereji. Tumekabidhiwa boti ya kukodi mchana. Ndefu kama korido ya hospitali, na nyembamba vilevile. Desmond aliniapia nyumbani kwamba hajawahi kugusa boti maishani mwake. Basi mwenye boti hata hajamaliza kuelekeza, mume wangu alishawasha injini! Halafu akafunga kamba kwa fundo safi kabisa — mtu ambaye kamba za viatu humshinda.

Umejifunzia wapi? Kwenye televisheni, eti.

Lorna, dada yake, amekuja pia. Amenikumbatia mno. "Wifi, safari hii lazima upumzike!" Kisha wakatazamana. Nimewaona.

Na kuna jambo jingine: Desmond kabeba futi ya kupimia. Likizoni! "Huwezi jua, bibie," ananiambia. Hapo ndipo ninapotaka kujua.

Nimeondoka bila kumwagilia nyanya. Kopo langu la bluu halijaonekana tangu Machi. Bi Gittins wa jirani bado ananipungia mkono kana kwamba si yeye aliyeliiba.

Jumapili, 9 Juni

Mvua. Malango ya Adderley, moja baada ya jingine, boti inateremshwa kutoka chumba cha maji hadi chumba cha maji kama mtu anayeshuka ngazi. Boti zote tulizokutana nazo ni hadithi ileile: bwana kashika usukani na kikombe cha chai, bibi yuko nje kwenye tope anazungusha mpini wa chuma kufungulia maji. Mifereji yote ndivyo ilivyo. Lakini Desmond wangu? Kavaa koti la mvua, kachukua mpini mwenyewe, usukani kanipa mimi.

Ukarimu gani huu? Nyumbani hata rimoti hanipi.

"Ukitaka kwenda kushoto, sukuma usukani kulia!" anapiga kelele kutoka ukingoni. "Na ukipita boti zilizofungwa, punguza mwendo! Watu wanaishi humo, utawamwagia chai!"

Niligonga ukingo, nikagonga lango, nikamkosakosa bata. "Unafanya vizuri sana," akasema. Desmond kunisifu! Nilipata baridi kali kuliko ile ya mvua.

Jioni nilikuwa bafuni. Kuta za boti ni karatasi tupu. Lorna anaosha vyombo, ananong'ona: Desmond aniambie kabla hatujafika Nantwich, la sivyo atasema yeye mwenyewe. Desmond akajibu kwamba anasubiri niipende kwanza.

Niipende nini?

Jumatatu, 10 Juni

Leo nimejua. Ngoja niandike kwa utaratibu.

Audlem, kwenye lango la kwanza, mzee mmoja wa kujitolea alikuwa akisaidia watu kufungua. Kumwona tu mume wangu, akachangamka. "Des! Vipi, lile jiko la kuni limekubali kuwaka?"

Desmond akakohoa. Mzee akaniona mimi kwenye usukani, akageuka kulichunguza lango kana kwamba limeletwa leo.

"Amenifananisha," Desmond akasema.

"Na Des mwingine?"

"Tupo wengi."

Mchana tukala pai kwenye baa pale mferejini. Desmond anakatakata nyama, hanitazami, ananiuliza: hivi nyumba ikiwaka moto, ningeokoa nini? Vitu vichache tu. Visivyo vipana. Lorna akampiga teke chini ya meza. Likanipata mimi!

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule bwana wa kamera, aliyekuja nyumbani mwezi wa Mei. Desmond alisema ni mpenzi wa ndege. Nami nikampikia chai! Ndege gani anapigwa picha sebuleni, kisha chooni? Kumbe ni dalali wa nyumba.

Anataka kuuza nyumba. Nyumba yangu ya Shrewsbury, na bustani, na rasiberi zangu, na ule mtufaha nilioupanda mama alipofariki. Anataka tuzeekee ndani ya korido inayoelea. Kashapanga yote na dada yake, mimi naletwa mwishoni kama mzigo.

Nina hasira. Naogopa pia, na hilo silisemi popote ila hapa.

Sitamuuliza. Aseme mwenyewe, kwa mdomo wake.

Jumanne, 11 Juni

Jua! Nimeshika usukani tangu asubuhi. Kona zote nimezipata. Ng'ombe walikuja hadi majini kunitazama. Nilikuwa naimba — kugeuka, Desmond ananiangalia huku akitabasamu. Nikanyamaza papo hapo. Asije akadhani naipenda.

Hajasema.

Jumatano, 12 Juni

Naandika nikiwa peke yangu botini.

Tulipokaribia Nantwich, Desmond akaniomba nisogee ukingoni, akashuka na Lorna. Watatangulia kwa miguu, wanipokee kamba mbele. Uso umemwiva. Nikasema haya.

Boti nyingi zimefungwa pale, mstari mrefu. Nikapunguza mwendo kama nilivyofundishwa. Nikaiona ya kijani, rangi bado inang'aa, dohani mpya ya jiko la kuni. Juu ya paa, kopo. Limechorwa mawaridi na kasri, kama makopo yote ya boti za huku. Lakini lina kibonyeo ubavuni, pale nilipolikanyaga kwa gari.

Kopo langu! Maskini Bi Gittins.

Desmond kasimama kando ya boti hiyo, mikono kaifungua. Nyuma ya ile ya kijani wametuachia nafasi. "Avis! Mke wangu! Leta huku, polepole!" Lorna kajifunika uso.

Nikaongeza mwendo.

Wimbi likapanda ukingoni. Boti ya kijani ikayumba, vyombo vikalia ndani, kumbe keshainunua, na sahani keshaweka. Watu wakatoka wananilaani. "Punguza mwendo, mama! Una wazimu?" Desmond akakimbia hatua kadhaa, magoti yakamkatalia.

Nimepita daraja, nimepita kona. Nimeiingiza boti ukingoni bila kugonga. Nimefunga kamba zote mimi, kwa fundo lake. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata kwa miaka. Vyote viwili. Sijui nivifanyie nini.

Birika linachemka. Nimetoa kikombe kimoja.

Kokoto zinalia njiani. Mtu mmoja, anahema. Dirishani naona suruali yake, na kopo mkononi.

Anagonga paa. "Avis, nilitaka kukuambia. Fungua basi."

Injini sijaizima.